Somo la 9: Upendo Usiopoa Katika Siku za Dhiki

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mathayo 24:9-20, 45-51, Luka 21:19-24, 34-36, Yohana 17:15, Mwanzo 32, Yeremia 30:5-7, Danieli 3, Danieli 12:1, Ufunuo 7:13-17.

Fungu la Kukariri: Mathayo 24:12, 13. Darasa likariri mafungu yote mawili pamoja, kwa sababu la pili halieleweki vizuri bila la kwanza.

Mama mmoja anayeuza dagaa katika soko la kando ya ziwa alirudi kutoka makambini akiwa kimya. Usiku wa mwisho mhubiri alikuwa ametundika chati kubwa mbele ya mkutano. Kwa fimbo alionyesha wakati wa taabu, mapigo saba, amri ya kutonunua wala kuuza, na watakatifu wakikimbilia milimani. Kesho yake mama huyo alinunua kilo kumi za unga wa sembe, chumvi, sabuni na kiberiti, akavitia vyote katika mfuko mmoja na kuusukuma chini ya kitanda. Mumewe alipouliza ni vya nini, alijibu kwa neno moja: "Vya milimani."

Wiki tatu baadaye mwalimu wake wa lesoni, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alisikia habari za mfuko ule. Hakucheka. Alimwuliza: "Mama, tangu uuweke mfuko huo chini ya kitanda, unalala vizuri zaidi au vibaya zaidi?" Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Vibaya zaidi, mzee. Kila mbwa akibweka najua wamekuja."

Chati ya mhubiri haikuwa na uongo. Waadventista Wasabato wanaamini kwamba kabla ya marejeo ya Yesu utakuwako wakati wa taabu ambao mfano wake haujapata kuwako (Danieli 12:1). Fundisho hilo linatoka katika Maandiko na halipaswi kupunguzwa ili watu wajisikie vizuri. Lakini mtu anaweza kujua mpangilio wote wa matukio ya mwisho, kila tukio mahali pake, na bado akawa hajajua Yesu alisema mambo hayo kwa kusudi gani. Juma hili somo linauliza swali hilo: Yesu alipozungumza juu ya dhiki, alitaka wanafunzi wake wawe watu wa namna gani?

JUMAPILI: Jiji Lililozingirwa Mara Mbili

Soma Luka 21:20-24 na Mathayo 24:15-20. Ni ishara gani iliyotolewa kwa wanafunzi, nao waliambiwa wafanye nini watakapoiona?

Agizo hili linashangaza likisomwa taratibu. Jiji likizungukwa na majeshi, ndipo watu waondoke. Lakini mtu aliyezungukwa atatokaje? Kwa akili ya kawaida, ishara hiyo inakuja ikiwa imechelewa.

Historia inaeleza. Mwaka 66 B.K. Wayahudi waliasi dhidi ya Rumi, na Cestius Gallus, liwali wa Siria, alipanda na jeshi lake hadi Yerusalemu. Aliteketeza sehemu ya kaskazini ya jiji na kufika kwenye ukuta wa hekalu. Kisha, kwa sababu ambazo hata Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa wakati huo, hakuweza kuzielewa, aligeuka na kurudi. Waasi walimfuata nyuma, wakampiga vibaya katika njia ya milimani ya Beth-horoni, wakateka na zana zake za vita. Jiji zima likafurahi. Hakukuwa na mtu aliyetazamia kwamba Rumi ingeweza kupigwa hivyo.

Hapo ndipo watu wawili walioshuhudia jambo lilelile walipoona mambo mawili tofauti. Mmoja aliona ushindi, akaamini kwamba Mungu analipigania jiji na hekalu lake, akabaki. Mwingine alikumbuka maneno ya Bwana yaliyosemwa yapata miaka 35 nyuma, akaona mlango umefunguka, akafunga mzigo. Mwaka 70, karibu na Pasaka, Tito mwana wa Vespasiano alilizingira jiji likiwa limejaa watu, na safari hiyo jeshi halikurudi nyuma. Hekalu liliteketea mwaka huohuo.

Eusebio wa Kaisaria anaandika kwamba Wakristo wa Yerusalemu walihama kabla ya maangamizi na kukaa Pela, mji ulioko mashariki ya Yordani. Eusebio aliandika zaidi ya miaka 200 baada ya tukio, kwa hiyo mwalimu asiifundishe habari hiyo kana kwamba ni Andiko. Hata hivyo inapatana na agizo la Yesu, na kanisa limeitunza kwa karne nyingi.

Angalia mambo madogomadogo yaliyomo katika agizo lenyewe. Aliye darini asishuke kuchukua vitu. Aliye shambani asirudi kufuata vazi. Ole wao wenye mimba na wanyonyeshao. Kukimbia kusiangukie majira ya baridi, wakati mabonde ya Yudea yanapojaa maji, wala siku ya Sabato. Huyu ni Mtu anayewafikiria kina mama wenye watoto mgongoni, anayefikiria hali ya njia, anayefikiria Sabato ya watu wake hata katika siku ya kukimbia. Maneno haya yalitoka kinywani mwa mchungaji aliyekuwa akiwapangia kondoo zake njia ya kutokea.

Tena hakuwapa tarehe. Aliwapa ishara, akawaagiza waombe. Kuanzia siku ile juu ya Mlima wa Mizeituni hadi Gallus alipogeuka, ilipita miaka zaidi ya 30 ya kuomba ombi moja: kukimbia kwetu kusiwe wakati wa baridi wala siku ya Sabato. Wengi walioanza kuliomba walikufa kabla ya kuliona likijibiwa.

Tafakari: Ni ombi gani kuhusu siku za mwisho ambalo umekuwa ukiliomba kwa miaka mingi? Kama hulikumbuki hata moja, anza leo.

JUMATATU: Katikati ya Moto

Soma Yohana 17:15, Danieli 3:19-27, Ufunuo 7:13, 14. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu mahali walipo watu wa Mungu wakati wa dhiki?

Wakristo wengi wa leo, hata katika miji ya Afrika Mashariki ambako mahubiri ya redio na televisheni yanasikika mchana na usiku, wanafundishwa kwamba kanisa litanyakuliwa kwa siri kabla ya dhiki kuu. Fundisho hilo lilienezwa katika karne ya 19 na John Nelson Darby huko Uingereza na Ayalandi, na baadaye likaingia nyumba nyingi kupitia maelezo ya Biblia ya Scofield iliyochapishwa mwaka 1909. Wanaoliamini wengi wao ni watu wanyofu wanaompenda Bwana, na mwanafunzi wa lesoni asiwadharau.

Lakini Yesu katika sala yake alikataa jambo hilo waziwazi. Hakuomba wanafunzi waondolewe ulimwenguni. Aliomba walindwe na yule mwovu wakiwa humohumo. Umati mkubwa wa Ufunuo 7 unatambulishwa kwa mahali ulikotoka: katika dhiki kuu. Mtu hawezi kutoka mahali ambapo hakuingia. Shadraka, Meshaki na Abednego hawakuokolewa na tanuru kwa kutotupwa ndani yake. Walitupwa, kamba zao zikaungua, nao wakaonekana wakitembea.

Kuna jambo katika Kutoka ambalo husahaulika. Mungu alianza kuitenga nchi ya Gosheni katika pigo la inzi (Kutoka 8:22), ambalo ni pigo la nne. Kabla ya hapo Maandiko hayataji tofauti yoyote. Inaelekea Waisraeli nao walitafuta maji safi Nile ilipogeuka damu, nao wakafukuza vyura jikoni. Watu wa Mungu walikuwa Misri wakati Misri inapigwa, na hata hivyo walikuwa mkononi mwake tangu pigo la kwanza.

Mtu anaweza kuuliza: basi kuna faida gani? Kama muumini atakutana na shida kama wengine, habari njema iko wapi? Darasa lisikimbie swali hili, maana wapo waliolizika moyoni kwa miaka. Jibu la Danieli 3 ni fupi: mtu wa nne. Nebukadreza alihesabu watatu wakiingia, akawaona wanne ndani. Maandiko hayasemi kwamba mtu wa nne alionekana kabla ya tanuru, wala baada ya vijana wale kutoka. Alionekana ndani.

JUMANNE: Usiku wa Yaboki

Soma Mwanzo 32:3-12, 22-31 na Yeremia 30:5-7. Kwa nini wakati wa mwisho wa taabu unaitwa kwa jina la Yakobo?

Yakobo alikuwa akirudi nyumbani kwa agizo la Mungu. Hilo lishikwe kwanza. Hakuwa amepotea njia. Alikuwa anatii, na katika kutii huko akaletewa habari kwamba Esau anakuja na watu 400.

Mwenye kuijua familia hii anajua Yakobo angefanya nini. Akafanya. Aligawa watu wake makundi mawili, ili moja likipigwa jingine liponyoke. Kisha akatanguliza zawadi: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 pamoja na ndama wao, ng'ombe 50 na punda 30, kundi baada ya kundi, na nafasi kati ya kundi na kundi ili hasira ya Esau ipungue kidogo kidogo. Ni mpango mzuri. Hata leo mzee mwenye kesi ya ukoo angeusifu. Lakini usiku ulipoingia, baada ya mipango yote, mtu huyo hakuweza kulala. Akavusha wake zake na watoto, akabaki peke yake.

Kilichomsumbua hakikuwa upanga wa Esau tu. Miaka 20 nyuma alikuwa amevaa nguo za ndugu yake, akamdanganya baba kipofu na kuondoka na baraka. Upanga wa Esau ulikuwa na sababu. Hofu inayotoka nje mtu anaweza kuipangia mbuzi na ngamia. Hofu inayotoka katika dhambi ya zamani haitulizwi kwa zawadi.

Waadventista wanaelewa kwamba Yeremia 30 inatazama zaidi ya uhamisho wa Babeli, hadi kipindi kile baada ya mlango wa rehema kufungwa, wakati watu wa Mungu watakapokuwa bado duniani, mapigo yakianguka, na Kristo amemaliza kazi yake ya upatanisho katika patakatifu pa mbinguni. Hapa ndipo waumini wengi wanapoogopa kuliko mahali pengine popote. Husikika katika madarasa, mara nyingi kwa sauti ya chini: "Tutaishije bila Mwombezi? Itakuwaje kama nimesahau dhambi moja?"

Ni vema mwalimu aliseme jambo hili wazi. Kumalizika kwa kazi ya upatanisho si kuondoka kwa Kristo. Aliyeahidi kuwa pamoja na wanafunzi wake mpaka mwisho wa dahari (Mathayo 28:20) hakuweka pengo mwishoni. Kazi inamalizika kwa sababu imefanikiwa. Dhambi zilizoungamwa zimefutwa, na kwa hiyo haziwezi kukumbukwa tena hata mwenyewe akijaribu kuzikumbuka. Katika Pambano Kuu, sura inayohusu wakati wa taabu, Ellen White anaeleza hali hii hasa: watu wa Mungu wanachunguza maisha yao kwa uchungu, wanaona udhaifu wao kila upande, lakini hawana maovu yaliyofichwa ya kufunua. Katika sura hiyohiyo anakiri jambo ambalo wahubiri wapole hulikwepa. Anasema kwamba kwa kawaida shida huonekana kubwa zaidi inapongojewa kuliko inapofika, lakini kwa shida hii ya mwisho sivyo ilivyo. Hakuahidi wepesi. Darasa nalo lisiuahidi.

Basi Yakobo alishindaje? Aliguswa panapo uvungu wa paja, nyonga ikateguka. Mpiganaji mwenye nyonga iliyoteguka hana mbinu tena. Hawezi kusukuma wala kukimbia. Linalobaki ni kung'ang'ania. Yakobo akamshika yule aliyempiga, akakataa kumwachia mpaka ambarikiwe. Hapo akaulizwa jina lake. Mara ya mwisho alipokuwa akitafuta baraka na kuulizwa yeye ni nani, alijibu kwamba ni Esau (Mwanzo 27:19). Safari hii alisema: Yakobo. Ungamo lote lilikuwa ndani ya jina hilo.

Asubuhi alikwenda kukutana na ndugu yake akichechemea, na Esau akamkimbilia akamkumbatia. Wale mbuzi Esau hakuwa na haja nao.

Tafakari: Je, kuna jambo la zamani kati yako na ndugu yako ambalo umekuwa ukilitangulizia zawadi badala ya kusema jina lako?

JUMATANO: Milango Iliyofungwa

Soma Luka 21:12-19 na Matendo 8:1-4. Ni nini kilichotokea kwa Injili wakati kanisa lilipokatazwa kukutana?

Mnamo Septemba 1977 serikali ya Idi Amin nchini Uganda ilipiga marufuku madhehebu zaidi ya 20. Waliobaki na ruhusa walikuwa Wakatoliki, Kanisa la Uganda, Waorthodoksi, na Waislamu. Kanisa la Waadventista Wasabato lilikuwa miongoni mwa yaliyofungwa. Juma moja watu walikuwa wakiimba kanisani kama kawaida. Juma lingine kufanya hivyo lilikuwa kosa. Marufuku hiyo ilidumu mpaka utawala wa Amin ulipoanguka Aprili 1979.

Hakuna aliyekuwa na chati iliyosema 1977. Katika mwaka 1976 muumini wa Uganda alikuwa na mambo yaleyale ambayo muumini wa popote alikuwa nayo: Biblia, kitabu cha nyimbo, ibada ya asubuhi na jioni nyumbani kama ilifanyika, lesoni kama ilisomwa. Marufuku haikumpa mtu muda wa kujifunza kile ambacho hakuwa amekwisha kujifunza. Nyumba iliyokuwa na ibada iliendelea nayo, kwa sauti ya chini zaidi. Waumini walikutana nyumbani katika vikundi vidogo.

Huenda hapa ndipo thamani ya Shule ya Sabato inapoonekana. Ibada kuu inahitaji jengo, kwaya, vipaza sauti na mhubiri. Darasa la lesoni linahitaji watu sita, mkeka, na Biblia moja inayopitishwa mkono kwa mkono. Linaingia sebuleni. Linaingia chini ya mwembe. Makanisa ambayo Shule ya Sabato imekuwa kipindi cha kungojea waliochelewa, mwalimu akisoma majibu na wengine wakitazama saa, yajiulize yangebaki na nini milango ikifungwa Jumatatu.

Neno ambalo Biblia ya Kiswahili hulitafsiri saburi, katika Kiyunani cha Agano Jipya lina maana ya kukaa chini ya mzigo bila kuukimbia. Paulo anasema dhiki ndiyo inayoifanya kazi hiyo (Warumi 5:3, 4). Ndiyo maana dhiki ndogo hazipaswi kudharauliwa. Kijana wa chuo ambaye ratiba imemwekea mtihani siku ya Sabato, akamwendea mkuu wa idara kwa adabu na barua ya kanisa mkononi, akakataliwa, akakubali kurudia mwaka, hajaingia bado katika dhiki kuu. Lakini amejifunza uzito wa mzigo na jinsi ya kukaa chini yake. Tena ni wajibu wa kanisa kumsaidia ada ya mwaka huo wa pili. Kumshangilia Sabato asubuhi na kumwacha peke yake kwa mhasibu Jumatatu ni kumwongezea mzigo.

ALHAMISI: Posho kwa Wakati Wake

Soma Mathayo 24:12, 13, 45-51 na Luka 21:34-36. Ni nini kinachopoa katika fungu la 12? Na ni nani anayeitwa heri katika fungu la 46?

Kuvumilia hadi mwisho hutajwa mara nyingi kana kwamba maana yake ni kustahimili mateso tu. Yesu ameliweka neno hilo mara tu baada ya kusema kwamba upendo wa wengi utapoa. Basi kinachotakiwa kudumu hadi mwisho ni upendo. Mtu aweza kustahimili njaa, jela na dhihaka, na katika kustahimili kwake akawa mgumu, mwenye kushuku kila mtu, asiyemsalimu jirani. Huyo amepona mwili, lakini fungu la 13 halimzungumzii yeye.

Mtumwa mwaminifu anakutwa akifanya nini bwana wake anapokuja? Anagawa chakula. Hayuko juu ya dari akiangalia barabara. Yule mbaya anajisemea kwamba bwana amekawia, kisha anaanza kuwapiga wajoli wake. Kukata tamaa kuhusu marejeo kunaonekana kwanza katika namna mtu anavyowatendea watu wa nyumbani mwake.

Waanzilishi wa Uadventista walilijua kawio hilo. Tarehe 22 Oktoba 1844 makumi ya maelfu ya watu huko Marekani walimngoja Yesu, wala hakuja. Wengine waliacha imani kabisa. Wengine waliweka tarehe nyingine, ikapita, wakaweka nyingine tena. Hata Joseph Bates, mzee aliyeheshimika, alifikiri kwa muda kwamba ingekuwa 1851. Kikundi kidogo kilichokuja kuwa kanisa hili kilirudi kwenye Maandiko kuhusu patakatifu, kikajifunza pamoja usiku na mchana katika nyumba za watu, kikashiriki chakula kidogo kilichokuwapo. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Walilia. Lakini waliendelea kulishana.

Luka anaongeza kitu ambacho chati nyingi hazikionyeshi. Mioyo inaweza kulemewa na ulafi na ulevi, ndiyo, lakini pia na masumbufu ya maisha haya: ada ya shule, kodi ya nyumba, mkopo wa kikundi, mvua iliyochelewa. Mambo hayo hayana sura ya mnyama wa Ufunuo, na kwa sababu hiyo mtu hayaogopi. Mtego ule huja kwa ghafula juu ya watu waliochoka kuliko juu ya watu wabaya.

Yule mama wa dagaa aliuacha mfuko wake chini ya kitanda kwa miezi kadhaa. Alipoufungua unga ulikuwa umeingia wadudu. Jirani yake, asiye wa kanisa, alikuwa amefiwa na mume wakati wa msimu ambao ziwa lilifungwa kwa uvuvi, na watoto wanne walikuwa ndani. Mama aliuchekecha unga akaupata wa kufaa kama nusu, akautengeneza uji, akawapelekea, na kesho yake pia. Sabato iliyofuata alimwambia mwalimu wake kwamba mfuko umeisha. Mzee akamwuliza kama atanunua mwingine. Akasema atanunua, ila safari hii atauweka jikoni.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma katika Pambano Kuu sura ya kwanza, inayohusu kuangamizwa kwa Yerusalemu, na ile inayohusu wakati wa taabu, ukizilinganisha. Angalia jinsi mwandishi anavyoifanya habari ya mwaka 70 kuwa kivuli cha siku za mwisho, na mahali anapoacha kufanya hivyo. Kisha rudi Mwanzo 32 uisome yote kwa mara moja, kwa sauti, ikiwezekana pamoja na watoto. Watoto huuliza kwa nini mtu aliyekuwa akishindana na Yakobo alitaka kuondoka kabla ya kucha. Msiwakemee. Ni swali zuri, na mzazi asiyejua jibu aseme hajui.

Walimu wanaofundisha madarasa yenye wageni au vijana wapya waangalie wasimalize kipindi kizima katika mapigo saba na alama ya mnyama. Mambo hayo yana robo yake. Kama muda ni mfupi, somo la Jumanne lipewe nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ndilo lenye swali ambalo washiriki huliogopa kulitamka mbele za watu.

Maswali ya Kujadili:

1. Wakristo wa Yerusalemu na majirani zao waliona jeshi la Rumi likirudi nyuma siku ileile. Kwa nini baadhi waliona ushindi na wengine waliona nafasi ya kuondoka? Ni matukio gani katika nchi yenu ambayo yanaweza kusomwa kwa namna mbili hivyo?

2. Mshiriki mmoja anasema: "Afadhali nife kabla ya wakati wa taabu." Wengine katika darasa huenda wanafikiri hivyohivyo. Mngemjibu nini bila kumkemea na bila kupunguza ukweli wa Danieli 12:1?

3. Kama serikali ingefunga makanisa juma lijalo, darasa lenu lingekutana nyumbani kwa nani? Nani angekuwa na Biblia ya kutosha kwa wote? Nani angesahauliwa, labda kwa sababu anakaa mbali au hana simu? Jadilini majina.

4. Je, ni sahihi kwa familia ya Kiadventista kuweka akiba ya chakula? Tofauti ni ipi kati ya Yusufu aliyejaza ghala za Misri na tajiri wa Luka 12:16-21?

5. Katika kanisa lenu mahalia, ni nani ambaye upendo wake umepoa katika mwaka uliopita, na ni nani aliyekwenda kumwona?